Mbegu za Buzibwe

Mlima wenyewe sijawahi kuuona, lakini nauota tangu nilipoolewa. Katika ndoto umefunikwa na ukungu hadi kiunoni, na juu ya ukungu kuna shamba la ulezi uliokomaa, na katikati ya shamba amesimama mtu aliyenipa mgongo. Natembea kumwendea, ulezi unanigusa magoti, lakini simfikii. Nikiamka nasikia teksi zinapiga honi mtaa wa Rockey, mwanga wa Bellevue, hapa Johannesburg, unapita kwenye pazia nililolishona mwenyewe, na mume wangu Ignace ameshaondoka kwenda Midrand, ambako analinda geti la nyumba za matajiri.

Mlima huo unaitwa Buzibwe. Ignace aliponichumbia alinionyesha kwenye simu. Aliivuta ramani kwa vidole viwili mpaka ziwa likawa kubwa, barabara ikaonekana, kisha ikabaki rangi ya kijani peke yake, bila jina hata moja. "Hiyo kijani ndiyo kwetu," alisema. Mimi ni wa Bukavu mjini, na niliondoka huko mdogo. Kijani ile niliipenda kama mtu anavyopenda kitambaa ambacho bado hajajua atakishona nini.

Kabla ya Wabelgiji, Buzibwe ilikuwa nchi yenye mfalme wake, ndiye mwami. Wabelgiji walipokuja hawakumwondoa. Walimvika medali shingoni, wakamwambia atawale kama zamani, ila sasa atawale kwa niaba yao. Ikawa hivyo kwa mwana na kwa mjukuu. Mwaka wa uhuru, elfu moja mia tisa sitini, mwami alikuwa babu yake Ignace. Aliposikia Wabelgiji wanaondoka, alishuka mlimani kwa miguu akamkuta mkubwa wao anafunga masanduku. Akamwuliza, "Mlipokuja mlitukuta nchi, mkapatana na wazee wangu. Sasa mnakwenda. Mnaniacha mimi nani?" Mkubwa yule akamjibu kwamba hilo aulizwe mwenye serikali mpya. Wenye serikali mpya walikuwa na mengi, hawakuwa na nafasi ya mlima mmoja. Mwami akapanda tena na medali yake na swali lake. Miaka ikapita, Buzibwe ikawekwa chini ya mwami wa jirani, ikawa vijiji tu, kama kiraka kwenye suruali ya mtu mwingine.

Haya yote nimeyasikia nikiwa kwenye cherehani. Kila Jumapili baada ya ibada, Wazibwe wa Johannesburg wanakuja chumbani kwetu, kwa sababu Ignace ni mjukuu wa mwami. Hawajazi hata benchi mbili. Mkubwa wao ni Papa Ezéchiel, kinyozi, mwenye sauti ya kuhubiri hata anapoomba sukari. Yeye ndiye anayelisimulia lile swali, na akishalisimulia wanabishana. Mmoja atasema nchi ambayo haikukabidhiwa kwa mtu bado ipo, haiwezi kuwa imekwenda popote. Mwingine atasema nchi isiyo na mwami ni jina la mlima tu. Nawapa chai, narudi pembeni kwenye kazi yangu. Nikisikiliza sana, huwa naona kabisa kwamba yule Mzungu bado yuko chumba cha pili anafunga masanduku, na sisi wote tunamngoja atoke atuambie sisi ni nani.

Lakini kinachowauma kuliko Mzungu ni mkono.

Mwami wa Buzibwe hachaguliwi. Anazaliwa na mbegu ndani ya ngumi, ulezi na mtama. Mama akishajifungua, ngumi ya mtoto inafungwa kitambaa, na baba ndiye anayekuja kuifungua mbele ya watu. Mbegu zikiwamo, nchi ina mwami wa kesho. Mwezi ule ule wa uhuru, mke wa mwami alizaa mwana wake wa kwanza. Ngumi ikafunguliwa, haikuwa na kitu. Watu wakarudi nyumbani kimya, wakisema Mungu ameiacha Buzibwe pamoja na Wabelgiji. Mtoto yule alikua akiitwa Mkono Mtupu. Alioa akiitwa hivyo, akazeeka akiitwa hivyo, akazikwa juzi tu na wengine hawalijui jina lake la ubatizo. Alikuwa baba yake Ignace. Ignace alipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo, na hata hapa Bellevue, bia ikizidi, yuko wa kulitamka.

Basi nilipopata mimba, nilijua si mimba yangu peke yangu. Na kabla haijawa kubwa ikaja habari, sauti ya mtu wa nyumbani kwenye simu ya Papa Ezéchiel. Alisema wakubwa wa mkoa watasikiliza upya madai ya milima iliyokuwa na mwami wake zamani. Wazibwe wataulizwa jambo moja tu: mnaye mwami aliyezaliwa kwa desturi? Wakiwa naye, jirani atazuiwa kuuza ardhi yao kipande kwa kipande, na watu waliofukuzwa wakateremka kuishi kwenye mahema kando ya ziwa wataweza kupanda tena. Papa Ezéchiel alitusikilizisha sauti ile mpaka simu ikazima. Tangu siku hiyo wageni wa Jumapili hawakunisalimia usoni. Walisalimia tumbo.

Ignace alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Akirudi kutoka Midrand alikaa kitandani na sare yake, akaweka mkono juu ya tumbo langu, akamweleza mtoto habari za mlima. Ni hapo aliponiambia na lile jambo jingine, kwa sauti nzuri, kama mtu anayetaja shule bora. Mtoto wa mbegu halelewi na mama yake. Jino la kwanza likitoka anapelekwa juu, kwa walezi, anakaa nao mpaka awe mtu mzima. Mama anamwona msimu wa mavuno.

Kutoka Bellevue mpaka kwenye mavuno ya Buzibwe unavuka mipaka ambayo hata karatasi zangu haziwezi kuivuka na kurudi. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilimtazama usoni nikamwona mtoto anayepigwa uwanjani shuleni, nikanyamaza. Usiku huo ukungu wa mlimani ulipanda mpaka kifuani pangu.

Koko Marcelline alifika kwa basi wakati mijakaranda imechanua na barabara zote za kwetu zimekuwa zambarau. Wazibwe wanawaita hivyo bibi zao, koko. Yeye ni wa ukoo wa wapokeaji, wanawake ambao kazi yao tangu zamani ni kupokea watoto wa mwami. Alikuwa mzee, mwembamba, mwenye miguu mikubwa ya mtu wa mlima. Papa Ezéchiel alipiga goti kumsalimu. Yeye aliuliza choo kiko wapi, kisha akakaa akaanza kulia. Maofisa wa mimea mpakani walikuwa wamemnyang'anya kibuyu chake kidogo, wakakitupa kwenye pipa. Wanaume wakamtuliza kwamba vibuyu viko hata hapa. Akawatazama kama watoto.

Siku chache baadaye, Ignace akiwa kazini, aliniita kwa sauti ya chini. "Mkamwana, nitafutie ulezi. Mbegu, si unga. Usimwambie mtu."

Nilidhani anataka dawa. Nikaenda soko la Yeoville, nikakuta unga tu. Mama Zuhura wa Tanga, anayeuza viungo pale, akanielekeza Mayfair kwa Wasomali. Nikapanda teksi na tumbo langu, na huko nako ulikuwa umeshasagwa kwa ajili ya uji. Mwishowe niliupata supamaketi, kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na chakula cha paka. Ulikuwa kwenye pakiti yenye picha ya kasuku, umechanganywa na mtama na mbegu za alizeti. Ignace aliikuta pakiti mezani akacheka. Akauliza tutamfuga wapi huyo kasuku, maana hata sisi tumebanana. Koko Marcelline akasema anapenda kuwatupia ndege dirishani. Ignace akamwambia ni sawa, Koko, lisha ndege wote wa Johannesburg.

Kesho yake mchana alikaa karibu na dirisha na sinia mapajani, akichambua. Ulezi upande huu, mtama upande ule, alizeti anatupa. Mawingu yalikuwa yanajikusanya nyuma ya mnara wa Ponte kama yanavyofanya kila mchana wa majira yale. Mimi nilikuwa napinda mikono ya blauzi. Akauliza kama hospitali watamruhusu aingie nami chumba cha kuzalia. Nikamwambia hapana, nilishauliza kliniki, wanaingia wenye uchungu tu. Vidole vyake vikasimama.

"Basi nitakuambia neno ambalo hakuna mama aliyewahi kuambiwa," alisema. "Mama akishazaa huwa amechoka. Anafumba macho. Hapo ndipo mpokeaji anafanya kazi yake."

Nilitazama sinia. Nilitazama pakiti yenye kasuku. Mguu wangu ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani bila mimi kujua.

"Ni nyinyi," nikasema.

"Ni sisi. Wabelgiji walisema medali. Wanaume wanasema Mungu. Sisi tunawaacha waseme."

Chumba kilikuwa kama kiko ndani ya maji. Nikamwuliza habari za baba mkwe wangu, kwa nini basi mkono wake ulikuwa mtupu. Akaliweka sinia sakafuni, akanisimulia akitazama nje.

Mpokeaji wa siku ile alikuwa mama yake mzazi. Marcelline alikuwa kasichana, ameshika beseni la maji ya moto. Ilikuwa asubuhi. Mwami alikuwa amerudi kutoka kwa Mzungu, amesimama nje ya ukuta wa matete, medali bado shingoni. Mtoto akalia, mke wa mwami akafumba macho. Mama yake Marcelline alikuwa na mbegu tayari kiganjani. Lakini siku zile kila mtu alikuwa na lile swali, na yeye pia alikuwa nalo, kwa hiyo akauliza kupitia matete: bwana, tuko nchi au hatuko? Mwami alinyamaza sana. Kisha akasema, sijui.

"Mama yangu akafunga kiganja chake," Koko Marcelline alisema. "Akasema hawezi kumshikisha mtoto kitu ambacho baba yake hakijui. Akafunga kitambaa kwenye ngumi tupu. Hakumwambia mtu mpaka anakufa, ndipo aliponiambia mimi. Alidhani watapata mtoto mwingine, mambo yakishaeleweka. Hawakupata. Na mambo hayakueleweka."

"Alikosea?"

"Alikosea kuuliza. Nchi haiulizwi, mkamwana. Inawekwa mkononi, halafu watu wanaiona."

Alichukua ulezi kidogo na mtama kidogo akaniwekea kiganjani. Zilikuwa nyepesi, kama nimeshika vumbi. Nilimwuliza jambo moja tu, mwanangu nitamwona lini. Hakunikemea. Alinishika goti, akasema watu wako kwenye mahema mwaka wa ngapi sasa, na wao pia wana watoto, na mvua ya ziwani si kama ya huku. Alisema kweli, na nilijua anasema kweli. Akazifunga mbegu kwenye pembe ya kitenge changu kwa fundo dogo gumu. Nje mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati ya jirani.

Uchungu ulinishika mchana mwingine kama ule. Wodini taa zilikuwa nyeupe na dirisha lilikuwa jeusi kwa mawingu. Nesi alikuwa mama mnene mwenye mikono ya joto, aliniambia kwa Kizulu maneno ambayo nusu sikuyaelewa, lakini yalikuwa yanabembeleza. Ngurumo zilikuwa zinakuja kila mara na maumivu, mpaka nikadhani mimi ndiye ninayezitoa. Kisha kukawa kimya, halafu kilio cha mtoto.

"Umfana," nesi alisema. Mvulana.

Alimlaza kifuani kwangu akaenda kwa mwingine. Nilimtafuta mkono. Watu wote wanasema watoto wanazaliwa wamekunja ngumi, lakini wake ulikuwa wazi, umelala juu ya ngozi yangu kama jani lililotoka kuanguka. Fundo la kitenge lilikuwa karibu na vidole vyangu. Nililigusa. Hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nafikiri nilisinzia, kwa sababu mlima ulikuja. Uliingia wodini pamoja na ukungu wake, ukasimama kati ya vitanda. Nilitembea kwenye ulezi, na safari hii yule mtu aligeuka. Alikuwa mwanamke. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama kwa muda mrefu mno. Aliniuliza, tuko nchi au hatuko? Nikamwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetamani muda wote kumsikia mwingine akisema hivyo, akakaa chini katikati ya ulezi, akanyoosha miguu.

Nilipoamka nesi alikuwa amemvisha mtoto glavu ndogo nyeupe asijikwaruze uso. Mbegu zilikuwa bado kwenye fundo.

Ignace alitufuata kesho yake kwa gari la rafiki. Alipoziona glavu mikononi mwa mtoto alicheka peke yake, akasema wazungu nao wana kitambaa chao. Aliendesha huku akiufuta jasho mkono wake mmoja kwenye suruali. Zambarau ya mijakaranda ilikuwa imebandikwa kwenye lami na mvua.

Chumba kilikuwa kimejaa. Wenye suti walikuwa wamevaa suti. Papa Ezéchiel alikuwa ameleta kreti ya Fanta na pembe ya ng'ombe ambayo sikujua kama anayo. Koko Marcelline alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, akanitazama machoni. Nafikiri alitaka kusoma kama niliziweka. Mimi nilitazama chini. Papa Ezéchiel akaanza kusema baba asogee, ngumi ifunguliwe, na nikasikia sauti yangu ikisema kwamba naomba kwanza kuingia na mume wangu peke yake. Watu waligeuka kutafuta ni nani aliyesema.

Chumba chetu ni kimoja, pazia ndilo linalogawa kitanda. Tulikaa nyuma ya pazia. Nilimlaza mtoto katikati yetu, nikafungua fundo la kitenge kwa meno, nikammiminia Ignace mbegu kiganjani.

"Koko alinipa nimwekee," nikanong'ona. "Sikuweka. Kama unataka mwanao awe mwami, weka wewe."

Hakuelewa. Alizitazama zile mbegu kwa muda, akazigeuza kwa kidole. Katikati yake kulikuwa na ganda la alizeti lililomponyoka Koko.

"Hii ni ya kasuku," akasema polepole.

Ndipo nikamweleza yote, kwa kunong'ona, mdomo wangu sikioni kwake: wapokeaji, ukuta wa matete, beseni la maji, swali la yule mama, na jibu la babu yake. Upande wa pili Papa Ezéchiel alikuwa ameanzisha pambio la taratibu ili watu wasichoke kungoja. Nilihisi Ignace anapumua kwa shida. Nilifikiri atanikasirikia, au atainuka aende akamvute Koko Marcelline mbele ya watu.

"Babu alisema hajui?" aliuliza.

"Alisema hajui."

"Baba aliniambia alizaliwa na dhambi. Alidhani ni dhambi. Kila Pasaka aliungama, padri akimwuliza ipi, anasema haijui."

Akaifuta pua kwa kiwiko cha sare. Kisha akavua glavu ya mkono wa kulia wa mtoto. Niliwaza, sasa anaweka, na nikajiambia kama ataweka nitanyamaza, kwa sababu mahema yapo na mvua ya ziwani ipo na yeye ndiye mwenye mlima. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka machoni. Alisogeza kiganja chenye mbegu kwenye mkono wa mtoto, na kwa kidole kidogo akajaribu kuvikunjua vile vidole. Mtoto akakishika kidole akakibana. Ignace alingoja aachie. Pambio lilikwisha, likaanza jingine, naye alikuwa bado anangoja, ameinama, na mtoto hakuachia.

Mwishowe akanirudishia mbegu zote, na lile ganda.

"Mvishe," alisema. "Tutoke."

Alisimama mbele yao na mtoto mkononi, na mimi nyuma yake. Alivuta glavu kwa mpangilio wote wa desturi, polepole, huku Papa Ezéchiel ameshika pembe karibu na midomo. Akaunyoosha ule mkono mbele ya macho yao.

"Mtupu," Ignace alisema. "Kama wa baba yangu. Tazameni vizuri."

Walitazama. Papa Ezéchiel alivaa miwani, akainama, kisha akaomba kwa upole kama anaweza kuona na wa kushoto, kwa sababu watoto wengine ni wa kushoto. Ignace akamwonyesha. Ndani ya ngumi ya kushoto kulikuwa na kitu cheupe, na kwa muda chumba kizima kiliacha kupumua, mpaka Papa Ezéchiel akakichukua kwa ncha ya kucha akaona ni manyoya ya pamba ya glavu. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu akawa analia. Wakafungua Fanta kwa sababu zilishaletwa.

Papa Ezéchiel aliondoka wa mwisho, pembe imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi. Mlangoni alimgeukia Ignace, akasema kwamba swali bado lipo.

"Lipo, Papa," Ignace akamjibu. "Njoo Jumapili."

Koko Marcelline hakunisemesha mpaka maua ya mijakaranda yakaisha. Lakini kila asubuhi alimwogesha mtoto, alimkanda mgongo kwa mafuta, akamwimbia nyimbo za kwao zisizo na mwisho. Ignace alikuwa anamsalimia kwa heshima zote, na yeye alikuwa anampokea kwa heshima zote, na nilijua kwamba Koko anajua kwamba Ignace anajua. Siku basi lake lilipokaribia, alikuja kwenye cherehani na sketi yake ya ndani mkononi na ile pakiti ya kasuku, iliyobaki nusu. Alitaka nimpindie upindo mpana, nishone mbegu ndani yake zikiwa zimetandazwa vizuri, ili maofisa wa mpakani wakimpapasa wasisikie kitu.

Nilipima upindo. Nikauliza za nani.

"Ignace ana binamu Uvira, mjukuu wa mdogo wake mwami. Mke wake mimba bado changa."

"Na hospitali ya huko watakuruhusu kuingia?"

"Kule wananijua," alisema. "Nitaingia."

Nilizitandaza mbegu ndani ya kitambaa. Nilimwona yule msichana wa Uvira nisiyemjua, amechoka, amefumba macho. Nikaweka kitambaa chini ya sindano, nikashusha kile chuma kinachobana kitambaa, kisha nikaondoa mguu wangu.

"Koko, mwambie kwanza."

"Nani?"

"Huyo wa Uvira. Kabla uchungu haujamshika. Mwambie yote mawili, habari za mahema na habari za jino."

Akasema hakuna mama aliyewahi kuambiwa. Nikamwambia yuko mmoja. Akasema nishone, basi liko kesho. Sikushona. Alivuta kiti, akakaa, tukabaki hivyo, yeye anatazama dirishani na mimi natazama sindano. Mtoto alikuwa amelala kitandani, mikono yake imetupwa huku na huku. Hua wawili walikuja ukingoni mwa dirisha kutafuta alizeti alizokuwa anawatupia, wakatembea kidogo, wakaondoka.

"Akikataa?" aliuliza mwishowe, bila kugeuka.

"Utakuwa umemwuliza."

Alicheka kidogo puani, cheko la uchovu. Alisema mama yake angenipenda, na hilo si la kunisifu. Kisha akainamisha kichwa, nikadhani amesinzia.

"Nitamwambia," alisema.

Nikakanyaga cherehani. Nilishona kushona kudogo kudogo, kwa uzi wa rangi ya kitambaa, na mbegu zilikuwa zinachakarisha ndani ya upindo kila nilipougeuza.